Jason Peters: bei ya siku ya kwanza inavyomfuata mtu

Aprili 2004, pale Madison Square Garden, New York, yalisomwa majina 255 kwa siku mbili. Ndo drafti ya mwaka ule ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, siku ambazo klabu zinachagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni. Namba moja alikuwa Eli Manning, namba mbili akaitwa Robert Gallery, mlinzi wa kushoto (mtu wa safu ya mbele anayemkinga kwotabeki, yule mrusha mpira) kutoka Iowa, watu wakasema huyu atakaa kwenye safu ya Oakland miaka kumi na hakuna wa kumgusa. Namba 16 Philadelphia Eagles wakamchukua Shawn Andrews, jitu la miraba minne kutoka chuo cha Arkansas. Jina la 255 likasomwa, watu wakakunja viti, na kwenye chumba kilekile cha kubadilishia nguo alichotoka Andrews kulikuwa na jamaa mwingine wa Arkansas ambaye hakuitwa kabisa. Jason Peters, kijana wa Queen City, Texas, mji mdogo sana.

Huyo ambaye hakuitwa alikuja kuchaguliwa Pro Bowl, mechi ya mastaa wa ligi, mara 9, akawekwa kwenye kikosi bora cha muongo wa 2010, akacheza mpaka ana miaka 41. Gallery hakufika Pro Bowl hata mara moja. Sasa hadithi za "alikataliwa akaja kuwa staa" zipo nyingi na wengi huishia hapo kwenye kushangilia, mimi nataka tukae na kisa hiki taratibu kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho huwa hakisemwi: kutoitwa siku ile hakukuisha siku ile. Peters alipewa bei Aprili 2004, na ile bei ilimfuata miaka mingi hata alipokuwa tayari ni mmoja wa walinzi bora duniani. Ukiisoma kazi yake yote kwa jicho hilo, ile migogoro yake na mabosi inaeleweka vizuri kabisa.

Kwanza, walimkosaje? Jibu ni rahisi na linauma. Peters hakuwa mlinzi wa kushoto chuoni. Aliingia Arkansas kama mtu wa safu ya upande wa kukaba, unaomwandama mwenye mpira, wakamhamisha kuwa taiti endi, yule anayesimama pembeni ya safu, dakika hii anazuia dakika ile anakimbia kudaka mpira. Msimu wake wa mwisho, 2003, alidaka mipira 21, yadi 218, tachidauni 4, yaani mabao ya kufika na mpira eneo la mwisho. Sio takwimu mbaya ila sio za kumtoa mtu kwenye kiti. Halafu angalia mwili wenyewe: kilo karibu 149, urefu kama mita 1.93. Taiti endi wa kilo 149 hayupo. Walikuwepo wa kilo 115, 120, basi. Kwa hiyo msaka vipaji akifungua daftari lake upande wa taiti endi anaona mtu mzito kupita kiasi, akifungua upande wa walinzi anaona mtu ambaye hana hata mkanda mmoja wa video akicheza nafasi hiyo. Kila daftari linamtupa kwa lingine. Na jamaa alikuwa anakimbia yadi 40 chini ya sekunde 5 na uzito ule! Kitu hicho peke yake kilitakiwa kimfanye mtu mmoja kati ya klabu 32 apige meza aseme tumchukue hata raundi ya saba. Hakutokea.

Buffalo Bills wakampigia simu baada ya drafti kuisha. Hapa lazima nieleze kidogo mkataba wa mtu asiyeitwa ulivyo maana bila hiyo mengine hayaingii akilini. Aliyeitwa raundi ya kwanza anapewa mamilioni ya kusaini, na klabu ikishaweka hela yake pale inamvumilia, akikosea wanasema bado anajifunza. Asiyeitwa anapewa kitu kidogo cha kusaini, na mshahara wa chini kabisa, ambao 2004 kwa mgeni ulikuwa dola 230,000 kwa mwaka, na hizo anazipata akiingia kwenye kikosi cha watu 53 tu. Asipoingia hana kitu. Anaweza kuitwa ofisini asubuhi akaambiwa lete kitabu cha mbinu, ukishakabidhi kile kitabu ujue ndo basi, begi lako, gari, uwanja wa ndege.

Na Peters hakuingia kwenye wale 53. Mwisho wa kempu, ile kambi ya maandalizi, Bills walimkata, wakamrudisha kwenye kikosi cha mazoezi. Kikosi cha mazoezi maana yake unafanya kazi wiki nzima na wenzako, unawagonga na wanakugonga, siku ya mechi huvai jezi. Unalipwa kwa wiki. Na kuna kitu watu hawakitilii maanani: ukikatwa, klabu nyingine yoyote ina haki ya kukuchukua. Ukiwa kwenye kikosi cha mazoezi pia, klabu nyingine yoyote inaweza kukusaini iwapo itakupa nafasi kwenye 53 zake. Kwa hiyo klabu nyingine zote zilimpita Jason Peters mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Kwenye drafti, alipokatwa, na wiki zote zile alipokaa kikosi cha mazoezi mpaka Novemba. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeingia.

Novemba Bills wakampandisha, na hawakumpandisha awe mlinzi, wala taiti endi wa kutegemewa. Wakamtupa kwenye vikosi maalum, vile vya kupiga na kupokea mipira ya mguu, chini ya kocha Bobby April. Desemba wanacheza na Cincinnati, jamaa akapenya katikati, akaizuia panti, ule mpira wa kupigwa mguu kuwapa wapinzani, kwa mikono, mpira ukaviringika mpaka eneo la mwisho akaudondokea mwenyewe, tachidauni. Fikiria kilo 149 zinakuja kwako wakati wewe ndo kwanza unanyanyua mguu upige mpira. Hapo makocha hawakuwa na pa kujificha tena, kwamba mtu wa ukubwa ule ana kasi ile na anafika kwa wakati, basi tatizo sio yeye, tatizo ni kwamba hatujui tumweke wapi.

Aliyekuwa anafundisha safu ya Bills ni Jim McNally, mzee wa kazi, yule aliyemfundisha Anthony Muñoz kule Cincinnati tangu 1980, na Muñoz wengi wanamtaja kuwa mlinzi wa kushoto bora kuliko wote waliowahi kucheza. Yaani hebu ona bahati ilivyomwangukia huyu kijana, kati ya makocha wote akaangukia mikononi mwa mtu ambaye jicho lake lilishazoea kuona miguu ya aina hiyo. Peters akaanza kugeuzwa.

Hebu nikae kidogo kwenye hiyo kazi yenyewe. Mlinzi wa kushoto anasimama pembeni kabisa ya safu ya watu watano. Kwotabeki wengi wanatumia mkono wa kulia, kwa hiyo wakijiandaa kurusha mgongo wao unageukia kushoto, mtu akitoka upande ule hawamwoni. Mlinzi ndo jicho lao la mgongoni. Mpira ukitolewa tu yeye anarudi nyuma, na anarudi kwa miguu miwili isiyopishana, mguu wa kushoto unasukuma nyuma nusu hatua, wa kulia unaburuta kuufuata, magoti yamekunjwa, makalio chini, kifua juu, na wakati huohuo kuna mtu wa kilo 120 mwenye mbio za mwanariadha anamjia kwa pembeni. Wewe unarudi kinyumenyume yeye anakuja mbele. Ukimwahi mapema kumgusa anakukwepa kwa ndani, ukichelewa ameshapita. Mikono lazima ipige kifuani kwake kwa wakati mmoja tu, na miguu isisimame. Mambo haya yote yanaisha ndani ya sekunde tatu, halafu unarudia mara 60 au zaidi kwa mechi. Kwenye takwimu hakuna mstari wako. Ukifanya kazi sawasawa jina lako halitajwi mechi nzima, ukikosea mara moja kwotabeki yuko chini na kamera inakutafuta.

Msimu wa 2005 akaanza kupewa upande wa kulia. Na aliyekuwa na upande ule ni nani? Mike Williams kutoka chuo cha Texas, chaguo la namba 4 kwenye drafti ya 2002. Namba 4! Hela yote ile ya kusaini, matumaini yote yale. Mapema 2006 Bills wakamwachia Williams aondoke. Katikati ya msimu wa 2006 Peters akahamishiwa kushoto, 2007 akaenda Pro Bowl yake ya kwanza. Miaka mitatu kutoka kwa mtu asiye na nafasi mpaka kuwa mlinzi wa kushoto wa kiwango cha juu, kwa nafasi ambayo hakuwahi kuicheza chuoni. Mimi sijui mfano mwingine mwingi wa namna hiyo na ninausema nikiwa nimeufikiria.

Sasa tuje kwenye kiini. 2006, wakati bado yuko upande wa kulia, Peters alisaini nyongeza ya mkataba, miaka mitano kwa karibu dola milioni 15. Kwa mtu aliyetoka kwenye mshahara wa chini kabisa zile zilikuwa hela za kubadilisha ukoo mzima, ungekuwa wewe ungesaini, mimi ningesaini. Lakini ile bei ilipangwa kwa kumwangalia alikotoka. Mwaka uliofuata, 2007, Bills haohao wakaenda sokoni, wakampa gadi, yule anayesimama ndani ya mlinzi wa pembeni, Derrick Dockery miaka saba kwa dola milioni 49, na mlinzi Langston Walker wakampa miaka mitano kwa milioni 25. Kwa hiyo mtu bora kwenye safu, anayelinda mgongo wa kwotabeki, anayekwenda Pro Bowl, analipwa chini ya wenzake wawili anaosimama nao mstari mmoja. Kila wiki wanakaa chumba kimoja cha video wanatazama mikanda ileile.

2008 Peters hakuripoti kambini. Hakufika kempu yote, hakufika mechi za maandalizi, akafika msimu unaanza, mechi ya kwanza akaikosa. Mashabiki wengi wa Buffalo walikasirika na ninawaelewa, wao wanaona karatasi, mkataba umesaini mwenyewe na una miaka mbele, sasa unagoma nini? Hoja hiyo ina nguvu. Lakini mkataba wa NFL haukuwa wa pande mbili sawa, klabu ingeweza kumkata siku yoyote na sehemu kubwa ya zile hela isingelipwa, kama ilivyomkata Septemba 2004 bila kumuuliza. Mchezaji wa nafasi hii silaha yake ni moja tu, kukaa nyumbani. Na mtu aliyeingia kwa mlango wa nyuma anajua kabisa kwamba akisubiri miaka iishe, goti linaweza kuisha kwanza.

Ila tuseme na upande wa pili, maana uchambuzi ukiwa wa kumsifia mtu tu haumsaidii yeyote. Kukosa kempu kulimgharimu. 2008 ulikuwa msimu wake mbaya, zilihesabiwa saki, yaani kwotabeki kuangushwa kabla hajarusha, 11 na nusu zilizopitia kwake, kwa mlinzi wa kiwango chake hizo ni nyingi mno, miguu ilikuwa nzito na mikono inachelewa. Bado wakampigia kura ya Pro Bowl, na mimi naona kura ile ilikuwa ya jina zaidi ya kazi ya mwaka ule. Bills walianza msimu na ushindi 5 kwenye mechi 6 wakamaliza 7 kwa 9, ushindi 7 na kufungwa 9. Huwezi kumtupia yeye peke yake lakini huwezi pia kusema hakuwemo.

Aprili 2009 Bills wakamuuza Philadelphia. Wakapokea chaguo la 28 la raundi ya kwanza mwaka ule, la raundi ya nne, na la raundi ya sita la mwaka uliofuata. Tulia hapo. Mtu ambaye miaka mitano nyuma hakuna aliyempa hata chaguo la 255, sasa ananunuliwa kwa raundi ya kwanza na vingine juu. Na Eagles wakampa mkataba mpya wa zaidi ya dola milioni 50. Drafti yake ilifanyika siku hiyo, kwa maoni yangu, miaka mitano kwa kuchelewa. Bills nao hawakutoka kapa, ile 28 walimchukulia Eric Wood, senta (mtu wa katikati ya safu) mzuri aliyewatumikia miaka mingi, lakini upande wa kushoto waliutafutia mtu kwa muda mrefu. Na Eagles ndo walewale waliomchukua Andrews namba 16 siku ile Peters hakuitwa; Andrews alikuwa kipaji kikubwa, akafika Pro Bowl, ila mgongo na sonona vilimsumbua na Machi 2010 akaondoka Philadelphia. Aliyebaki ni yule mwingine.

Pale chini ya Andy Reid, ambaye mwenyewe alicheza safu chuoni, na kocha wa safu Juan Castillo, Peters akawa yule tunayemjua. Bado alikuwa na ugonjwa wake mmoja, kuanza kutikisika kabla mpira haujatolewa, adhabu yake yadi tano nyuma, mashabiki wanashika vichwa, hilo halikumwacha kabisa. Lakini 2011 alikuwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi. Na mwaka ule kwotabeki alikuwa Michael Vick, mtu wa mkono wa kushoto, maana yake upande wa Peters haukuwa hata upande wa mgongo! Watu wanaosema mlinzi wa kushoto thamani yake ni mgongo wa kwotabeki tu waangalie 2011, jamaa alikuwa anatoka kwenye safu anakimbia mbele ya LeSean McCoy yadi 20 uwanjani akiwatafuta mabeki wadogo, na mabeki walikuwa wanapisha.

Machi 2012, akiwa mazoezini peke yake, kano ya kisigino ikakatika. Akafanyiwa upasuaji. Mei, yuko nyumbani na kile kigari cha kuegemeza goti wanachotumia wagonjwa wa mguu, kikamharibikia akaanguka, ikakatika tena. Miaka 30, kilo karibu 150, kano moja imekatika mara mbili ndani ya miezi miwili. Msimu wote ukapita. Eagles wakamleta Demetress Bell kuziba pengo, na Bell ndiye huyohuyo aliyekuwa amejaribu kuziba pengo lake kule Buffalo 2009, wakamaliza 4 kwa 12 na Reid akafukuzwa. 2013 Peters akarudi. Hakurudi kuganga njaa, alirudi kikosi bora cha kwanza tena, na McCoy akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,607 za kukimbia.

Halafu Oktoba 23, 2017, Jumatatu usiku, dhidi ya Washington. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia alfajiri. Robo ya tatu, rundo la watu linaanguka, Peters anabaki chini ameshika goti la kulia. Kigari kikaja. Na hapo benchi lote la Eagles likatoka. Sio manahodha wawili watatu, timu nzima iliingia uwanjani ikamzunguka, mmoja mmoja wanamgusa bega, na uwanja mzima unaimba jina lake, mlinzi wa safu, mtu ambaye jina lake kikazi halitakiwi kusikika. Ligamenti za goti zilikuwa zimechanika na msimu umeisha. Wakati ule Eagles walikuwa timu bora kwenye ligi. Februari 4, 2018, Minneapolis, wakawapiga Patriots 41 kwa 33, Super Bowl, fainali ya ligi, ya kwanza klabu kushinda, na pale kushoto alisimama Halapoulivaati Vaitai. Peters alikuwepo pembeni, na pete anayo.

Wengi kwenye umri ule wangefunga. Yeye alikuwa na 36 akarudi, akacheza 2018, akacheza 2019. Eagles wakamchagua Andre Dillard raundi ya kwanza 2019 awe mrithi, 2020 wakamrudisha mzee kwa bei ndogo, acheze gadi. Agosti Dillard akaumia mkono. Wakamwambia haya, rudi kushoto. Na Peters akasema nitarudi, ila mkataba niliosaini ni wa gadi, mlinzi wa kushoto ana bei yake. Baadhi ya watu wakamwona mzee mwenye tamaa. Mimi nikakumbuka 2008 moja kwa moja. Ni mtu yuleyule na hoja ileile: usinilipe kwa kuangalia ulikonikuta, nilipe kwa kazi unayonipa leo. Wakamwongeza. Miguu haikuwa ile tena lakini, msimu ukawa mgumu, na nafasi ikaja kushikwa na Jordan Mailata, Mwaustralia wa ragbi aliyechaguliwa namba 233 mwaka 2018 bila kuwahi kucheza mpira huu, ambaye kwa miaka yake ya mwanzo yule mzee wa kushoto alikuwa darasa lake la kila siku.

2021 Chicago wakamwita, Castillo yuko kule, akaanza mechi 15 akiwa karibu 40. 2022 Tyron Smith, mlinzi wa kushoto wa Dallas, kaumia, wakamwita. Septemba 2023, wiki ya kwanza tu Seattle wamepoteza walinzi wote wawili wa pembeni, Charles Cross na Abraham Lucas, wakampigia. Wakamsaini kwenye kikosi cha mazoezi, kilekile cha kulipwa kwa wiki alichoanzia Buffalo, na msimu ule akavaa jezi akacheza. Cross alikuwa chaguo la 9 la drafti ya 2022. Siku ile ya Aprili 2004 majina 255 yanasomwa New York, Cross alikuwa mtoto wa miaka mitatu.